Mafindofindo ya mtoto: yakatwe sasa au tusubiri?

Watoto wawili wameletwa kliniki ya pua, koo na masikio asubuhi moja. Wakipanua mdomo, wote wana mafindofindo makubwa yanayokaribia kukutana katikati ya koo. Wa kwanza ana miaka 4. Koo halimsumbui sana, ila usiku anakoroma hadi walio chumba cha pili wanamsikia, na katikati ya mkoromo pumzi inakatika. Wa pili ana miaka 7. Analala vizuri, ila mwaka huu ameumwa koo mara 4 na mama yake amechoshwa na dozi za antibayotiki. Ukiwauliza watu waliokaa kwenye benchi ni nani wa kupelekwa thieta, wengi watamtaja wa pili. Ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya miaka 40 unamtaja wa kwanza.

Watoto hawa ni wa mfano tu, lakini kliniki zetu zinapokea wa aina hiyo kila wiki, na mara nyingi mzazi anaambiwa kwa kifupi, "Ana tonsesi, zikatwe," au, "Akikua zitapungua zenyewe." Kila jibu kati ya hayo linaweza kumfaa mtoto mmoja na kumdhuru mwingine. Upasuaji huu hufanywa kwa sababu mbili kubwa: maambukizi ya koo yanayojirudia, na pumzi inayoziba usingizini. Faida yake kwa sababu hizo mbili hailingani hata kidogo, kwa hiyo kabla ya kujadili kisu, mzazi ajue kwanza mtoto wake yuko upande upi.

Kama shida ni koo kuuma

Kipimo ambacho madaktari wanakitumia hadi leo kilitoka Pittsburgh, Marekani, mwaka 1984. Daktari wa watoto Jack Paradise na wenzake hawakuridhika kusikia kwamba mtoto "huumwa koo kila mara". Walihesabu. Mtoto alikubaliwa kwenye utafiti kama aliugua angalau mara 7 ndani ya mwaka 1, au mara 5 kila mwaka kwa miaka 2 mfululizo, au mara 3 kila mwaka kwa miaka 3. Tena kila mara ilibidi pawe na dalili nyingine zaidi ya maumivu: homa ya juu ya nyuzi 38.3, au matezi ya shingo yaliyovimba, au utando wa usaha juu ya mafindofindo, au kipimo kilichoonyesha bakteria wa streptokoka kundi A.

Waliofikia kiwango hicho wakafanyiwa upasuaji waliugua koo mara chache zaidi kwa miaka 2 iliyofuata kuliko wenzao ambao hawakukatwa. Mwaka wa tatu tofauti ilififia. Na hata wale ambao hawakukatwa, wengi wao hali ilipungua yenyewe kadiri walivyokua. Mwaka 2002 timu hiyohiyo ilichapisha matokeo ya watoto wenye shida ya kiasi, wasiofikia kiwango cha 7, 5 au 3. Faida ilikuwepo lakini ndogo, na watafiti wenyewe walisema haitoshi kuhalalisha hatari, maumivu na gharama za upasuaji.

Mwaka 2014 wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, walikusanya majaribio yaliyokuwepo na kuyapima kwa pamoja. Katika mwaka wa kwanza, watoto waliofanyiwa upasuaji waliumwa koo kwa wastani mara 3.0, na wasiofanyiwa mara 3.6. Siku za kuumwa zilikuwa 18 dhidi ya 23. Na katika hizo siku 18 za waliokatwa, kama 5 hadi 7 zilikuwa za maumivu ya kidonda cha upasuaji wenyewe. Nataka mzazi azitazame namba hizi kwa utulivu. Faida ipo, lakini ni ya siku chache katika mwaka, na sehemu yake imeshalipiwa kwa maumivu ya wiki ya kwanza.

Kwa hiyo mtoto wetu wa miaka 7 mwenye mara 4 kwa mwaka, mimi nisingempeleka thieta. Ningemwambia mama yake afungue daftari. Hili la daftari linadharauliwa sana na halistahili kudharauliwa. Mwaka 1978 Paradise alifuatilia watoto 65 ambao wazazi walieleza historia nzito ya kuumwa koo, lakini bila kumbukumbu za hospitali. Walipofuatiliwa kwa karibu, ni 11 tu kati yao walioendelea kuugua kama historia ilivyodai. Wale wazazi hawakusema uongo. Mtoto akilia usiku tatu mfululizo na wewe hulali, ukija kukumbuka baadaye unaona kama amekuwa akilia mwaka mzima, na mafua ya kawaida yanahesabiwa pamoja na koo. Andika tarehe, joto la mwili, kama alikuwa na kikohozi na makamasi au hapana, na dawa aliyopewa. Kikohozi na makamasi vinaashiria virusi, na virusi haviondolewi kwa amoksilini wala kwa kukata mafindofindo.

Kwa watu wazima hesabu inaegemea upasuaji kidogo. Utafiti wa NATTINA wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2023, uliwafuata watu 453 wenye umri wa miaka 16 na zaidi kutoka hospitali 27. Ndani ya miezi 24 waliokatwa waliumwa koo siku 23, wasiokatwa siku 30. Lakini karibu mmoja kati ya watano waliokatwa alipata tatizo la kutoka damu. Kijana wa chuo anayekosa mitihani kila muhula kwa sababu ya koo anaweza kuona biashara hiyo inalipa, na nisingembishia.

Kama shida ni pumzi usiku

Mtazame mtoto mwenye shida hii saa 8 usiku. Amelala mdomo wazi, shingo ameirudisha nyuma, pengine amepiga magoti na kichwa kwenye mto kwa sababu ndiyo namna pekee anayopata hewa. Anakoroma, kisha ghafla kimya. Kifua na tumbo vinaendelea kuhangaika, ngozi ya juu ya kidari inabonyea ndani, lakini hewa haipiti. Sekunde kadhaa, kisha anagutuka kwa mkoromo mkubwa, anajigeuza, anaendelea kulala. Shuka limelowa jasho. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza tena. Mchana haonekani kama mtu mwenye usingizi. Anaonekana mtukutu, hasikii, hatulii darasani, na mwalimu anamchapa kwa kosa ambalo chanzo chake kiko kooni.

Mafindofindo na nyama za nyuma ya pua hukua kwa kasi kati ya miaka 2 na 8, wakati njia ya hewa bado ni nyembamba. Hapo ndipo yanapobana. Na hapa ukubwa unaoonekana kwa macho unadanganya: mafindofindo makubwa kwenye koo pana yanaweza yasisumbue, na ya wastani kwenye koo jembamba yakaziba. Usingizi wa mtoto unasema mengi kuliko kijiti cha kukandamizia ulimi.

Utafiti mkubwa wa upande huu unaitwa CHAT, wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2013. Watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 waliothibitishwa kukatika pumzi usingizini waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakatwe mapema, nusu wasubiri wakifuatiliwa. Baada ya miezi 7, kipimo cha usingizi kilirudi kawaida kwa 79% ya waliokatwa na 46% ya waliosubiri. Tabia, usingizi na maisha ya kila siku viliboreka zaidi kwa waliokatwa. Kitu kimoja hakikutofautiana kwa maana: vipimo vya umakini wa akili. Kwa hiyo mzazi akiahidiwa kwamba upasuaji utampandisha mtoto darasani, ahadi hiyo imezidi ushahidi.

Hiyo 46% ya waliosubiri nayo ni ya kuzingatia. Karibu nusu walipona bila kisu ndani ya miezi 7, hasa wale ambao shida yao haikuwa kali na hawakuwa wanene kupita kiasi. Mwaka 2023 utafiti mwingine wa Marekani, PATS, uliwachukua watoto 459 wenye shida ndogo, yaani wanaokoroma bila oksijeni kushuka sana. Baada ya miezi 12 umakini wa akili haukutofautiana, ila waliokatwa walilala vizuri zaidi, tabia zao zilikuwa nzuri zaidi na shinikizo la damu lilikuwa chini zaidi.

Uamuzi wangu kwa upande huu ni kwamba mtoto anayekatika pumzi, anayehangaika kuvuta hewa, asiyekua vizuri au anayelowa jasho kila usiku, asingoje. Anayekoroma tu bila hayo ana nafasi ya kujaribu kwanza kitu rahisi. Watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha mwaka 2023 jaribio la watoto 276 wa miaka 3 hadi 12 waliopewa dawa ya kupulizia puani kwa wiki 6. Nusu walipewa dawa ya steroidi, inayopunguza uvimbe, na nusu maji ya chumvi peke yake. Katika makundi yote mawili, takriban watoto 4 kati ya 10 dalili ziliisha. Maji ya chumvi ya puani yanapatikana duka la dawa lolote na hayamwachi mtoto na kovu wala deni. Wiki 6 ni muda mfupi kuliko foleni ya upasuaji ya hospitali nyingi za serikali, kwa hiyo hakuna kinachopotea kwa kujaribu ukiwa umeshawekwa kwenye orodha.

Kipimo cha usingizi cha usiku kucha, kile walichotumia watafiti wa CHAT, hakipatikani hospitali nyingi za Afrika Mashariki. Simu yako inasaidia. Mrekodi mtoto kwa dakika chache akiwa usingizi mzito, kifua kikiwa wazi ili mvutano wa mbavu uonekane, na sauti isikike. Video hiyo inamwonyesha daktari kile ambacho mtoto aliyeamka, anayecheza na soksi zake pale kliniki, hawezi kukionyesha. Hospitali yenye kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kupima oksijeni inaweza kumlaza usiku mmoja ikaona kama oksijeni inashuka.

Kusubiri maana yake nini kwetu

Tafiti nyingi nilizozitaja zimefanywa kwa watoto wa Ulaya, Marekani na Australia. Kwetu kuna jambo moja ambalo kwao limebaki adimu: homa ya rumatiki, ile inayokuja wiki chache baada ya koo la streptokoka lisilotibiwa na kuacha vali za moyo zimeharibika. Madaktari wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam, na wenzao wa Nairobi na Kampala, wanawapasua vijana wadogo kwa sababu ya koo lililopita miaka mingi nyuma. Kwa hiyo mtu akisema "tusubiri" huku mtoto akiachwa na koo lenye usaha na homa bila tiba, huko si kusubiri, ni kumtelekeza.

Je, hofu ya moyo ni sababu ya kukata mafindofindo? Wazazi wengi wameambiwa hivyo, na naelewa kwa nini inaingia akilini. Lakini kinga iliyothibitishwa ni penisilini, si kisu. Koo la streptokoka litibiwe kwa dozi kamili, au sindano moja ya penisilini ya benzathini pale dozi ya siku 10 inapokuwa ngumu kumalizika. Na kwa mtoto ambaye moyo umeshaguswa, tuna ushahidi wa hapahapa kwetu: utafiti wa GOAL uliofanyika Gulu, kaskazini mwa Uganda, kwa watoto 818 wa miaka 5 hadi 17 ambao kipimo cha moyo kilionyesha dalili za mwanzo. Waliopata sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4 kwa miaka 2, ni 0.8% tu ambao hali ilizidi. Wasiopata, 8.2%. Nafurahi kila ninapoutaja utafiti huu, kwa sababu swali liliulizwa na kujibiwa kwenye udongo wetu, kwa watoto wetu, kwa dawa ambayo ni ya bei nafuu.

Mzazi mwingine anahofia kinyume: kwamba mafindofindo ni walinzi wa mwili, ukiyatoa mtoto atabaki bila kinga. Mwaka 2018 ulitoka uchambuzi wa kumbukumbu za watoto takriban milioni 1.2 wa Denmark, na waliokatwa wakiwa wadogo walionekana kupata zaidi magonjwa ya njia ya hewa baadaye maishani. Lakini huo ulikuwa uchambuzi wa kumbukumbu tu. Inawezekana waliokatwa walikuwa tayari watoto wenye vifua na pua dhaifu tangu mwanzo, na ndiyo maana walikatwa. Mimi siuoni kama sababu ya kumzuia mtoto anayekosa hewa. Nauona kama sababu nyingine ya kutokata bila sababu.

Upasuaji wenyewe na hatari zake

Mtoto anapewa nusu kaputi, analazwa chali, kitambaa kilichokunjwa kinawekwa chini ya mabega ili shingo irudi nyuma. Mpira wa hewa unapitishwa mdomoni na kushikiliwa na chuma maalumu kinachoweka mdomo wazi. Daktari anakamata findo kwa koleo, anachana utando wa mbele, kisha analichambua polepole kutoka kwenye msuli lililoshikamana nao. Anafunga mishipa inayovuja, anahamia upande wa pili. Nyama za nyuma ya pua, zikiwepo, hutolewa kupitia mdomoni hukohuko. Mara nyingi kazi yote haizidi saa moja.

Kuna namna mbili za kulikata findo. Ya kwanza, ya siku zote, ni kutoa findo lote pamoja na gamba lake, kwa vyuma vya kawaida au kwa kifaa cha umeme. Ya pili ni kulinyoa kwa ndani na kuacha gamba likiufunika msuli. Kwa hii ya pili maumivu ni madogo, mtoto anarudi kula mapema na damu hutoka mara chache. Ubaya wake ni kwamba kipande kilichobaki kinaweza kuota tena kwa watoto wachache, na inahitaji vifaa ambavyo si kila hospitali inavyo. Inamfaa zaidi mtoto wa pumzi kuliko mtoto wa maambukizi. Hata hivyo, sishauri mtu azunguke nchi nzima akitafuta mashine. Katika ukaguzi mkubwa wa Uingereza na Ireland Kaskazini wa miaka ya 2003 na 2004, uliohusisha wagonjwa 33,921, waliopasuliwa kwa vyuma vya kawaida na kufungwa mishipa kwa uzi walitoka damu kidogo kuliko waliopasuliwa kwa umeme. Vyuma hivyo vipo Muhimbili, vipo KCMC, vipo Bugando, vipo Kenyatta. Mkono uliouzoea ndio wa kuutafuta.

Kwa jumla, katika ukaguzi ule damu ilitoka kwa 3.5% ya wagonjwa, watu wazima wakiongoza. Damu hii ina vipindi viwili: saa 24 za kwanza, mtoto akiwa bado hospitali, na siku ya 5 hadi ya 10, utando wa kidonda unapobanduka, mtoto akiwa nyumbani. Kipindi cha pili ndicho kinachonitia wasiwasi kwa mazingira yetu. Familia iliyotoka Sumbawanga ikafanyiwa upasuaji Dar es Salaam, kisha ikapanda basi siku ya 3 kwa kuwa mtoto "anaendelea vizuri", itakuwa njiani au kijijini hatari ikifika. Mkae mjini kwa ndugu wiki 2. Kama haiwezekani, ulizeni hospitali ya mkoa wenu kama ina daktari wa koo na damu ya kuongeza, kabla ya upasuaji, si baada yake. Mtoto anayemeza mate mfululizo akiwa usingizini baada ya upasuaji aangaliwe mdomo kwa tochi, maana huenda anameza damu. Akitema damu mbichi, hata kijiko kimoja, aende hospitali saa hiyohiyo.

Utando mweupe kwenye kidonda si usaha, ni hatua ya kupona, na harufu mbaya ya mdomo kwa siku chache ni kawaida. Maumivu ya sikio nayo huja, kwa sababu koo na sikio vinashirikiana mshipa wa fahamu. Anywe sana, ale uji uliopoa, mtindi, ndizi za kupondwa. Mtoto asiyekunywa anaumia zaidi na anapona taratibu.

Kwenye dawa za maumivu nataka kusema kwa msisitizo. Parasetamoli na ibuprofeni, kwa dozi ya uzito wake, kwa saa na si kwa kungoja alie. Aspirini hapana. Na kodeini hapana kabisa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilipiga marufuku mwaka 2013 matumizi ya kodeini kwa walio chini ya miaka 18 baada ya upasuaji huu, na mwaka 2017 kwa watoto wote chini ya miaka 12, kufuatia vifo vya watoto. Miili ya baadhi ya watu inaigeuza kodeini kuwa mofini kwa kasi mno, na mtoto anaacha kupumua usingizini. Watu wenye mwili wa namna hiyo ni wengi kwenye ukanda wetu kuliko Ulaya. Utafiti wa Ethiopia uliwakuta karibu 3 kati ya 10 wa waliopimwa. Ukipewa chupa ya dawa ya kikohozi au ya maumivu yenye kodeini au tramadoli, irudishe.

Kimeo hakimo kwenye ulinganisho huu

Siwezi kuliacha hili, kwa sababu wapo wanaoona kuna njia ya tatu iliyo rahisi. Sehemu nyingi za Tanzania, na kwa majirani zetu pia, mtoto mwenye kikohozi kisichoisha au asiyeongezeka uzito anapelekwa kukatwa kimeo, kile kinyama kinachoning'inia katikati ya koo. Kimeo hakisababishi kikohozi. Hakizibi pumzi ya mtoto mdogo. Kazi yake ni kusaidia kuziba njia ya pua wakati wa kumeza na kutamka. Kinachofanyika pale ni kukata bila ganzi, kwa kifaa kilichoingia midomo mingine kabla, na watoto wamefikishwa hospitali wakivuja damu, wakiwa na pepopunda, au wakiwa na nimonia ambayo ndiyo iliyokuwa inakohoza tangu mwanzo na sasa imechelewa wiki mbili. Bibi anayependekeza kimeo anampenda mjukuu wake, hilo sina shaka nalo. Mwambieni kwa heshima, lakini mtoto asikatwe.

Watoto ambao hesabu yao ni nyingine

Mtoto mwenye selimundu anayekoroma asiwekwe kwenye foleni ya kawaida. Oksijeni ikishuka usiku, chembe za damu zinajikunja, na kila usiku mbaya unamsogeza karibu na shambulio la maumivu. Kwake faida ya kufungua njia ya hewa ni kubwa zaidi, na hatari ya upasuaji nayo ni kubwa zaidi. Utafiti wa TAPS, uliochapishwa mwaka 2013, uliwalinganisha wagonjwa wa selimundu walioongezewa damu kabla ya upasuaji na ambao hawakuongezewa. Ulisimamishwa mapema kwa sababu matatizo yalikuwa 15% kwa walioongezewa na 39% kwa wasioongezewa. Daktari wa damu na daktari wa nusu kaputi wakae meza moja kabla ya tarehe kupangwa.

Walio chini ya miaka 3, na wale ambao kukatika pumzi kwao ni kukali, walale hospitali usiku wa upasuaji wakiwa na kipimo cha oksijeni. Koo huvimba baada ya kukatwa, na usiku wa kwanza pumzi inaweza kuwa mbaya kuliko kabla. Mtoto wa ugonjwa wa Down vilevile.

Findo moja likiwa kubwa waziwazi kuliko lenzake, hasa likikua ndani ya wiki chache, au mtoto akipungua uzito, mjadala wa kusubiri unaishia hapo. Litolewe na lipelekwe maabara, kwa sababu saratani ya matezi inaweza kuanzia hapo. Mafindofindo makubwa pamoja na matezi mwili mzima ni sababu ya kupima VVU kabla ya kufikiria thieta. Na koo lenye maumivu ya upande mmoja, mtoto akishindwa kufungua mdomo na sauti ikawa nzito kama ana kitu mdomoni, huo ni usaha uliojikusanya nyuma ya findo. Unatakiwa kutolewa siku hiyohiyo kwa sindano au kwa kuchana, na suala la kukata mafindofindo lizungumzwe baadaye.

Ukiamua kukubali upasuaji, nenda kwa daktari ukiwa na maswali ya kweli. Muulize mtoto anakatwa kwa sababu gani kati ya zile mbili, na kama amehesabu au ameona video. Muulize atatumia njia gani na kwa nini. Uliza nani atamsimamia kwenye nusu kaputi na kama amezoea watoto wa umri huo. Uliza bima inalipa nini, maana kitanda cha usiku wa ziada na dawa za nyumbani mara nyingi hubaki juu yako. Halafu uliza hili, na usiondoke bila jibu: damu ikitoka siku ya 7 saa 9 usiku, nipige simu namba gani, na ni nani atakayekuwepo wa kumpeleka thieta? Hospitali iliyo tayari kwa upasuaji huu ina jibu la swali hilo. Isiyo na jibu, tafuta nyingine, hata kama tarehe yake ilikuwa ya karibu zaidi.